Vinyonga wa Nyumba ya Mke Wangu

Nilipewa vinyonga wawili mjini Tororo siku ya Jumamosi, na kosa langu la kwanza lilikuwa kuwapokea kabla sijamuuliza mtu mmoja tu aliyestahili kuulizwa.

Aliyenipa alikuwa Mzungu, fundi wa mitambo katika kiwanda cha saruji. Kila Jumamosi nilikuwa nikimfundisha Kiswahili, ingawa changu mwenyewe nilikuwa nimekiokota nusu kwenye vitabu na nusu kwa wafanyabiashara wa mpakani. Uganda ilikuwa imepata uhuru juzi juzi, na Wazungu wengi walikuwa wakifunga masanduku. Yeye naye alikuwa anarudi kwao. Barazani kwake palikuwa na vyungu vikubwa vya maua, na katika maua hayo waliishi vinyonga wawili, dume na jike, ambao aliwapenda kama wenzake walivyopenda mbwa.

“Wewe ni mtu wa shule,” aliniambia. “Nikimwachia mtu mwingine, atawaua.”

Mtu wa shule. Maneno hayo yalinipanda kichwani kuliko pombe. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza sekondari, nafundisha darasa la nne katika shule ya kanisa karibu na Busia, bila cheti cha ualimu, nikingojea barua ya kuitwa chuoni. Nilichukua wanyama. Nilichukua pia karatasi aliyoniandikia: nzi na panzi kila siku, maji yasiwekwe kwenye sahani bali yanyunyizwe juu ya majani, kwa sababu kinyonga hunywa matone, jua la asubuhi, kivuli cha mchana, wasishikweshikwe ovyo. Aliniwekea wanyama ndani ya sanduku la majani ya chai lililowambwa wavu wa chuma upande mmoja, na matawi machache ndani. Vyungu vya maua alimwachia jirani yake.

Nililifunga sanduku nyuma ya baiskeli nikashika njia ya Busia. Mahali fulani katikati ya safari nilisimama kupumzika penye kibanda cha fundi wa baiskeli, na mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi pale akaanza kunichokoza.

“Mwalimu, umebeba kuku?”

“Hapana.”

“Sasa mbona unaweka sanduku kwa kivuli kama mtoto mchanga?”

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilifunua gunia nililolifunikia sanduku ili aone. Yule mama aliacha ndizi zake akavuka barabara mbio, akiutukana ukoo wangu. “Toa hiyo kitu hapa! Mimi bado nazaa!”

Wanaume waliokuwepo walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini fundi, mzee mwenye jicho moja, hakucheka. Alisema, “Mwalimu, hiyo ndiyo ilileta kifo. Wewe unaipeleka nyumbani na baiskeli?”

“Mzee, huyu ni mjusi tu.”

“Mjusi gani anatembea kama mgonjwa anayetafuta choo?”

Nilicheka nao, nikapanda baiskeli. Hadithi aliyoigusa mzee kila mtu kwetu aliijua. Zamani kinyonga alimkuta mtu anakula, akaomba chakula, akanyimwa. Kinyonga akawalaani watu wote wafe. Nyoka alipopita baadaye alipewa, akabariki, ndiyo maana yeye akizeeka hujivua ngozi akaanza upya. Kwa hiyo kinyonga hapendwi. Na mwanamke anayetazamia mtoto hamtazami kabisa.

Mke wangu alikuwa akitazamia mtoto kwa mwaka wa tatu. Nilimwoa kutoka upande wa Kenya, ng'ambo ya mto Sio, tukakaa katika boma la marehemu baba yangu, nyumba yetu ikiwa hatua kumi tu kutoka kwa mama. Kaka yangu mkubwa na mkewe walikuwa upande wa pili wa ua, na watoto wao wanne. Kwetu hapakuwa na hata mmoja. Watu hawakusema kitu mbele yetu, ila salamu zao zilikuwa zimeanza kuwa fupi.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu, kwa sababu ndilo lililotubeba. Mwanamume hujenga nyumba, lakini akishaiezeka na kumkabidhi mkewe, nyumba ni ya mke. Mahindi ya darini ni yake, vyungu ni vyake, na kuku walalao chini ya kitanda ni wake. Mume ana kiti chake, basi. Mtu akija kuomba chumvi hamwombi mume. Na kikionekana kitu kibaya ndani, mume haulizwi. Jambo hili nililijua tangu utoto, kama ninavyolijua jina langu.

Mke wangu aliniita Mwalimu, kwa heshima na kwa mzaha pia. Maneno yetu ya nyumbani tuliyasema kwa Kisamia. Nayaandika hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoyakumbuka.

“Mwalimu, hicho ni nini?”

“Wageni.”

“Wageni wenye jicho moja mbele na moja nyuma? Waweke nje.”

“Nje kuna mwewe na paka. Na watoto wa kaka watawapiga mawe.”

“Basi wapeleke shuleni.”

“Mkuu wa shule hatakubali.”

“Mkuu hatakubali,” alisema, “halafu mimi nikubali?”

Nilimweleza juu ya sayansi. Nakumbuka hata nilichora ubaoni, ule ubao mdogo niliokuwa nao nyumbani, nikionyesha jinsi ngozi inavyobadilika. Alisikiliza akiwa amelipa sanduku mgongo. Nilipomaliza alikwenda jikoni, na kwa siku nne hakupita sebuleni bila kujifunika leso usoni. Wakati wa kufagia alifagia kwa kukisia. Siku ya tatu mama aliingia kuomba moto, akaona. Kwangu hakusema neno. Kwa mke wangu alisema, “Msichana wangu, umeokota nini?” Mke wangu aliponisimulia nilicheka. Sikuona kuwa swali lile lilikuwa limeanza safari.

Vinyonga wenyewe hawakunifurahia. Siku nne hawakula. Walisinyaa, wakawa weusi kama mkaa uliomwagiwa maji, wakashika matawi macho yamefumbwa. Niliweka kichwa cha samaki karibu na sanduku kuvuta nzi. Nzi wakaja, nyumba ikanuka, na vinyonga hawakufungua hata mdomo. Wanafunzi wangu waliniletea panzi kwenye viberiti. Niliwatupia ndani kwa haraka kabla ya kwenda shuleni, na jioni nikakuta panzi wale wale wametulia kwenye wavu.

Siku ya tano nilirudi mchana nikamkuta mke wangu amechuchumaa mbele ya sanduku, uso ameugeuza ukutani, mkono ameunyoosha, na kwenye ncha ya unyasi wa ufagio panzi mmoja anatapatapa. Ulimi ukaruka. Panzi akatoweka. Mke wangu akapiga ukelele mdogo, akacheka, akaniona.

“Usinitazame hivyo. Walikuwa na njaa.”

“Si unawaogopa?”

“Nawaogopa sana. Lakini yule wa kwanza alinyimwa chakula ndiyo akalaani. Mimi simnyimi. Kwangu hakuna kinacholala njaa.”

Tangu siku ile aliwalisha yeye. Aligundua kwamba panzi akiwekwa tu hawamwoni, sharti atembee. Aligundua kwamba dume alipenda nzi wakubwa wa kijani na jike alipenda panzi wachanga. Alichovya jani la mgomba majini akalitikisa juu yao, na walipokunywa alihesabu mafunda yao kwa sauti ya chini. Mimi niliyekuwa na karatasi sikuwahi kukaa nao zaidi ya dakika tano. Nilikuwa nimewaweka ili niwe mtu mwenye vinyonga. Yeye alikuwa anawatunza.

Baada ya muda jike alianza kubadilika. Alinenepa tumbo, akaacha kula, akawa anashuka kutoka kwenye tawi na kutembea chini ya sanduku, akikwaruza mbao za pembeni kwa miguu ya mbele. Mke wangu ndiye aliyeniambia.

“Anataka udongo.”

“Kinyonga ni mnyama wa mtini,” nilimjibu. “Udongo wa nini? Hata karatasi haisemi.”

“Karatasi haimwoni. Mimi namwona.”

Nilimwambia asijitie ujuzi. Ndivyo nilivyosema, na sitayapamba maneno hayo leo.

Katika siku hizo hizo mke wa kaka yangu alikuja kuazima ungo, akamkuta mke wangu anamlisha kinyonga. Alirudi nyuma bila ungo. Kesho yake mtoto wake wa tatu akashikwa na homa. Ilikuwa malaria, tulimpeleka kwenye zahanati, akapewa dawa, na baada ya siku tatu alikuwa anapanda ukuta wa zizi. Lakini neno lilikuwa limeshatoka nje ya ua, na neno halikunywa dawa. Lilisema kuwa yule mwanamke asiye na mtoto anafuga vinyonga na kuwalisha kwa mkono, na kwamba anajua mwenyewe anawatuma wapi.

Kisimani wanawake walisogeza mitungi yao. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye peke yake, na wenzake wakabanana kwenye benchi la nyuma hata mmoja akakaa chini. Alikuwa akiuza karanga sokoni Busia. Wateja wake wa siku zote, hata Wakenya waliovuka kila asubuhi na ambao hawakuwa na habari na ukoo wetu, walianza kumpita. Alirudi nyumbani na kapu limejaa kama lilivyotoka.

“Mwalimu, waondoe,” aliniambia mara ya kwanza.

“Tukiwaondoa tutakuwa tumeukubali ujinga.”

Mara ya pili aliniambia huku amekaa chini, kapu mapajani. “Ujinga haununui karanga zangu. Waondoe.”

Mara ya tatu hakutumia maneno mengi. “Tafadhali,” alisema. Nami nilimjibu kwamba elimu ina gharama. Ilikuwa rahisi kwangu. Kwenye benchi langu hakuna aliyehama.

Basi tukaitwa kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyekuwa mzee wa ukoo. Ilikuwa alasiri, baada ya ibada. Walikuwepo yeye, mama, kaka yangu na mkewe, na mkuu wa shule yetu, aliyekuwa pia mzee wa kanisa. Kumwona pale kulinikata maini. Ijumaa iliyotangulia alikuwa ameniambia mlangoni mwa ofisi, “Jina lako limekwenda chuoni. Usiharibu.” Mwalimu anayefuga kitu cha laana, nikajiambia, jina lake linaweza kurudi.

Baba mkubwa alianza kwa mzaha, kama kawaida yake. “Babu yenu aliwakusanya watu kwa ajili ya vita. Mimi nimewakusanya kwa ajili ya mjusi. Ukoo umeendelea.”

Watu walicheka kidogo. Mke wa kaka yangu hakucheka.

“Wewe kule, mtoto wako yuko wapi?” baba mkubwa alimuuliza.

“Anacheza.”

“Kama anacheza, kwa nini umenuna?”

“Baba, leo anacheza. Kesho?”

Baba mkubwa alikohoa, akamgeukia mke wangu. “Mwana wetu. Ndani ya nyumba yako kuna vitu. Ni vya nani?”

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameikunja pembeni. Alinyanyua macho akanitazama mimi.

“Nimeuliza,” alisema baba mkubwa. “Vile vitu ni vya nani?”

Kulikuwa na kuku mweupe anachakura chini ya ghala. Nilimtazama yule kuku. Naweza kumchora mpaka leo: kishungi chake kilikuwa kimekatika. Nilisikia mkuu wa shule akimnong'oneza baba mkubwa neno sikioni, nikadhani ni juu yangu, nikazidi kumtazama kuku.

“Nauliza mara ya tatu. Ni vya nani?”

Maneno yalikuwa mawili tu. Ni vyangu. Mtoto wa darasa la nne angeweza kuyasema. Niliyafikisha mpaka kwenye meno, nikaona chuo, nikaona cheti, nikayameza.

Mke wangu akaacha kunitazama. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei, “Kilichomo ndani ya nyumba yangu ni changu.”

Mama aliinamisha kichwa. Baba mkubwa alizungusha fimbo yake mchangani, kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa na neno. Ndipo akaamua kwamba mke wangu arudi kwa wazazi wake apumzike, mpaka watakapomfuata.

Alifunga vitu vyake kesho yake asubuhi. Havikuwa vingi. Nilisimama mlangoni nikimweleza kwamba ni kwa muda, kwamba barua ikishakuja kila kitu kitakuwa sawa, kwamba hata yeye alikuwa amekubali kwa mdomo wake. Maneno haya ya mwisho nayajutia kuliko yote.

Hakulia. Alisema, “Mwalimu, wewe husema vizuri sana mbele ya watoto.”

Alijitwika mzigo. Alipofika kwenye ua aligeuka. “Na yule jike mtafutie udongo.”

Sikumsindikiza. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Udongo sikumtafutia. Nilikuwa na hasira, nami hasira yangu niliipeleka mahali pasipoweza kunijibu. Siku nne baadaye, nilipotoka shuleni, nilimkuta jike amelala ubavu sakafuni mwa sanduku, mdomo wazi, na kucha za miguu ya mbele zimechakaa kwa kukwaruza mbao. Nilimweka juu ya gazeti. Nikachukua wembe, kwa sababu nilikuwa mtu wa shule na nilitaka kujua. Tumbo lote lilikuwa mayai. Yalikuwa meupe na laini, yamepangana kama maharagwe ndani ya ganda. Niliyahesabu yakapita thelathini. Alikuwa akitafuta mahali pa kuchimba ayatage. Nikaviona vile vyungu vya maua kwenye baraza ya Tororo, vimejaa udongo mzuri mweusi, na nikaelewa kwa nini karatasi haikusema. Mzungu hakuwahi kuliona tatizo hilo, kwa hiyo hakuliandika. Mke wangu aliliona, na akalisema mara mbili.

Niliwazika pamoja, mama na mayai, nyuma ya nyumba. Dume nilimfungua siku hiyo hiyo kwenye ua wa miti ya manyara. Alichukua muda mrefu kufika kwenye tawi la juu. Hakukuwa na mtu wa kumtazama isipokuwa mimi.

Jumamosi iliyofuata nilivuka Sio. Baba mkwe alikuwa ameketi mbele ya nyumba akisuka mgono wa kutegea samaki. Hakusimama, lakini aliniitikia salamu na kunionyesha kiti.

“Nimekuja kumchukua mke wangu,” nilisema. “Wale vinyonga walikuwa wangu.”

“Hapa nani amekuuliza?”

“Hakuna.”

“Uliulizwa wapi?”

“Aliulizwa yeye. Kwa baba mkubwa.”

Alikaza ufito mmoja kwa meno kabla ya kujibu. “Basi kasemee huko. Ukishasema, njoo umchukue. Hata ukirudi leo hii, sitakuzuia.”

Mke wangu alileta maji ya kunawa. Alisikia yote. Aliponimiminia nilimwambia kwamba jike amekufa.

“Alikuwa na mayai?”

“Alikuwa nayo.”

“Mengi?”

“Yamepita thelathini.”

Maji yaliendelea kumiminika juu ya mikono yangu mpaka kibuyu kikaisha. Kisha akaondoka nacho ndani.

Kutoka pale hadi kwa baba mkubwa haikuwa safari hata ya saa mbili kwa baiskeli. Nilipita mbele ya boma lake. Alikuwa ameketi nje, akanipungia mkono, nami nikampungia, nikaendelea. Nilijiambia barua inakuja wiki ijayo. Haikuja wiki ile, wala iliyofuata, na kila wiki ilinipa sababu mpya ya kuingojea. Ilipokuja nilijiambia kwamba si vizuri kuondoka nikiacha maneno nyuma yangu. Nitasema wakati wa likizo. Likizo ya kwanza nilikwenda Merikit, kwao mwenzangu wa chuo, nikawasaidia kuvuna. Ya pili nilibaki chuoni. Nilimwandikia mke wangu barua tatu nikimwomba avumilie. Alisoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo najua alizisoma. Hakujibu.

Nilisema baada ya miaka miwili, cheti kikiwa mfukoni na hakuna tena aliyeweza kukirudisha. Nilimkuta baba mkubwa na mama wameketi pamoja wakipukuchua mahindi. Nilipiga magoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini nilisema yale mawili, nikaongeza kwamba niliwatoa Tororo na kwamba yeye aliwakataa tangu siku ya kwanza.

Baba mkubwa alipukuchua gunzi lake mpaka likaisha.

“Ulidhani hatujui?” alisema. “Baiskeli yako ilipita sokoni mchana kweupe. Kabla hujafika nyumbani, mwenye duka alikuwa ameshanieleza mpaka rangi zao.”

“Sasa kwa nini mlimuuliza yeye?”

“Mwanamke huulizwa, mume hujibu. Wewe umezaliwa wapi? Ungesema ni vyako, ningekutoza kuku mmoja, tungemla hapo hapo, na wanawake wenzake wangerudi kisimani naye. Nilitafuta njia ya kumsafisha mbele ya watu, na njia ilikuwa mdomo wako. Niliuliza mara tatu. Hata bibi harusi haulizwi mara tatu.”

“Nilimwogopa mkuu wa shule.”

“Mkuu wa shule ndiye aliyeninong'oneza niulize tena. Alisema, kijana ana haya, mpe nafasi.”

Ndipo mama akasema, akiwa bado anatazama mahindi, “Nilimpenda yule msichana.”

“Lakini mlimfukuza,” nikasema.

“Hatukumfukuza,” alijibu baba mkubwa. “Tulimtoa kwa mtu asiyeweza kumsemea. Mtoto wa watu hakai kwenye nyumba ya namna hiyo. Leo kasingiziwa homa ya mtoto, kesho angesingiziwa mauti. Tulingoja uje useme tumfuate. Mbuzi wa kumfuatia alikuwa ameshatengwa. Tulingoja mpaka mbuzi akazaa.”

Niliondoka pale pale nikavuka mto. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa na furaha, ndiyo, furaha ya kijinga ya mtu aliyemaliza kazi ngumu, na kwamba nilipofika niliegemeza baiskeli vibaya ikaanguka.

Baba mkwe alikuwa amezeeka. Macho yalikuwa yameingia ukungu, ikabidi nijitambulishe.

“Umesema?” aliniuliza.

“Nimesema.”

“Nani walikuwepo?”

“Baba mkubwa na mama.”

Alitikisa kichwa polepole. “Vizuri. Ameolewa Lumino, tangu mvua za mwaka jana. Ana mtoto wa kike. Kule pia walimuuliza habari za vinyonga, maana maneno hayana mpaka. Mumewe akajibu.”

“Alijibu nini?”

“Sijui alijibu nini. Alijibu.”

Aliita mtu aniletee uji. Nilikunywa, kwa sababu kuukataa kungekuwa tusi. Tulikaa mpaka jua likapita juu ya paa la nyumba likatuacha kivulini, na mzee hakuniuliza kitu kingine. Kisha nikainua baiskeli yangu nikamuaga, naye akanitakia safari njema kama anavyotakiwa mgeni yeyote.